Maji Safi Yataka Mlinzi Asiyelala

Askari yeyote aliyepata kushika zamu ya usiku anajua kwamba mlinzi akilala, kambi nzima imo hatarini. Maji ya bomba nayo yana lindo lake. Pale Ggaba, ambapo maji ya Ziwa Victoria husafishwa kwa ajili ya Kampala, shabu hutiwa ili kugandisha tope, machujio huzuia masalio, na klorini huua vijidudu. Lakini ziwa halina tabia moja. Mvua ikinyesha au mwani ukizidi, kiasi cha dawa cha jana hakifai leo.

Kwa sababu hiyo mitambo ya kisasa ina vipimo visomavyo maji mchana na usiku. Kimoja hupima tope la maji yaingiayo, na kompyuta huongeza shabu mapema. Kingine hupima klorini iliyobaki katika maji yatokayo. Ikipungua mno, king'ora hulia au pampu hujizima.

Wako wasemao kwamba hiyo ni anasa. Tunawakumbusha yaliyoupata mji wa Walkerton, Kanada, mwezi Mei 2000. Mvua kubwa ilisomba vijidudu vya samadi ya ng'ombe hadi kisimani. Vipimo vya namna hiyo havikuwapo. Walikuwapo watumishi waliopaswa kupima klorini kila siku, nao walizoea kuandika kitabuni tarakimu za uongo. Watu 7 walikufa na zaidi ya 2,000 waliugua, katika mji wa watu wapatao 5,000. Tume ya Jaji Dennis O'Connor ilithibitisha mwaka 2002 kwamba vipimo hivyo vingaliyazuia maafa hayo.

Hata hivyo tusidanganyike: chombo hakina dhamiri. Kisiposafishwa na kusahihishwa husema uongo, na kompyuta huutii. Polisi anajua kwamba neno moja la uongo katika kitabu cha matukio laweza kumwangamiza mtu. Kitabu cha mtambo wa maji chaweza kuuangamiza mji.

Basi twasema: vipimo vinunuliwe, vitunzwe, na watumishi wafunzwe. Nanyi, ndugu zetu askari, ambao watoto wenu hunywa maji yayo hayo, anzeni kambini. Penye tangi, klorini ipimwe kila asubuhi, na kiandikwe kile tu kilichoonekana.