Acheni hiyo long!

Jamani, kuna kisingizio nimechoka kukisikia: "kompaila ya Microsoft haina stdint.h". Ni kweli walituchelewesha. Kiwango cha C99 kilileta int32_t na int64_t mwaka 1999, lakini Visual C++ haikuwa na faili hiyo hadi toleo la 2010. Miaka 11! Kila mradi ukajitungia majina yake, huyu u32, yule uint32, vurugu tupu.

Lakini hayo yaliisha 2010. Mbona bado naletewa programu inayoweka salio la mteja kwenye long, kisha inaliandika kwenye faili vivyo hivyo? Kwenye Linux ya biti 64, long ni baiti 8. Kwenye Windows ya biti 64 ni baiti 4. Hamisha faili hiyo, kila kinachofuata kinasogea na salio linakuwa takataka. Na ukihesabu kwa senti, baiti 4 zinagota kwenye shilingi 21,474,836.47. Chama cha akiba cha kawaida tu kinapita hapo.

Andika int64_t. Ni herufi 3 tu zaidi. (Mpangilio wa baiti utajipangia mwenyewe, hapo stdint.h haikusaidii.)

Na anayesema kompaila yake haina, anitajie ni ya mwaka gani.