Daftari la Wiki: Kabla ya Jumapili

Wiki hii Kalunguta haina hadithi nyingine ila mpira. Jumapili ijayo, ibada zikishamalizika makanisani na watu wakishapata chakula chao, vijana wa upande wa soko watashindana na vijana wa mlimani. Na ijapokuwa mechi yenyewe si ya ligi wala ya kombe lenye jina, na mshindi hatapata kitu ila mbuzi mmoja na sifa za mwaka mzima, hakuna dereva wa pikipiki anayesimama kando ya barabara hii ya Butembo na Beni, wala mama anayepanga ndizi zake sokoni, wala mzee anayeota jua barazani, asiyekuwa na neno la kusema mintarafu ya mchezo huo. Nami sina budi kusema langu, kwani mwandishi wa daftari akinyamaza juu ya jambo lililowashughulisha majirani zake wote, hudhaniwa kuwa ama ni mgonjwa ama ameota kiburi.

Nianze na kiwanja, maana wachezaji hubadilika lakini kiwanja chetu ni kilekile. Kimeinama kuelekea bondeni, si sana, ila kiasi cha kutosha kumfanya winga dhaifu aonekane hodari kipindi kimoja na kumwaibisha kipindi cha pili. Milingoti ya malango ni ya mikaratusi iliyokatwa majuzi na bado inanuka utomvu. Na nyasi zimesalia pembeni tu, katikati pakiwa pamekanyagwa mpaka pamekuwa kama sakafu ya ua. Niliwakuta vijana watatu wakipiga mistari kwa majivu. Mmoja alikuwa ameikaza kamba baina ya vijiti viwili, wa pili akitembea kinyumenyume na kopo la maziwa lililotobolewa kitako, akilitikisa polepole ili majivu yadondoke sawasawa, na wa tatu akimfuata na tawi la majani kusahihisha palipopinda.

“Mzee, tafadhali zunguka kule,” aliniambia mwenye kopo bila kuinua macho. “Ukikanyaga hapa, majivu mengine tutayatoa wapi? Mama zetu wamekwisha kutufukuza jikoni.”

Nikazunguka.

* * *

Kuhusu timu zenyewe, rai yangu ni hii. Upande wa soko wana mbio. Winga wao wa kushoto ni kijana wa pikipiki, na huucheza mpira kama anavyoendesha: hapunguzi mwendo kwenye kona, hatazami nyuma, na aghalabu hufika salama. Mlimani, kwa upande wao, wana mlinda lango mrefu mwenye mikono ya mchimba mitaro, na mbele yake mabeki wawili ndugu wa tumbo moja, ambao hawahitaji kuitana kwa kuwa tangu utotoni kila mmoja ajua mwenziwe atasimama wapi. Katika mchezo wa kiwanja tambarare ningewapa mlimani. Kwetu hapa, mambo yote yatategemea sarafu ya mwamuzi, yaani nani atapewa kuteremka kipindi cha kwanza kabla ya mvua ya alasiri. Kwani mvua ikishanyesha, anayeteremka hapati faida tena, huteleza tu.

Hayo ndiyo tuliyokuwa tukiyajadili mpaka katikati ya wiki. Kisha ukazuka uvumi kwamba mlinda lango wa mlimani ameonekana usiku akiinama penye mlingoti, na tangu saa hiyo hakuna anayezungumza juu ya winga wala mabeki. Vijana wa soko wametaka walinzi walale kiwanjani. Wa mlimani wamejibu kwamba wao pia wataleta walinzi wa kwao, wawalinde hao walinzi. Mtu mwenye akili zake, mfanyabiashara wa kakao, mjuzi wa hesabu kunizidi mimi, ameniuliza kwa sauti ya chini kama mlingoti wa mkaratusi hupokea dawa kuliko wa chuma.

* * *

Ningelicheka, lau nisingeukumbuka mwaka 2008. Tarehe 14 Septemba ya mwaka huo, Jumapili vilevile, mjini Butembo, zilikutana Nyuki System na Socozaki, mahasimu wa mji mmoja. Katikati ya mchezo mlinda lango mmoja alidhaniwa kuwa anafanya uchawi uwanjani ili kuyageuza matokeo. Wachezaji wakapigana, fujo ikapanda majukwaani, afisa wa polisi aliyejaribu kuituliza akarushiwa mawe, na polisi wakafyatua hewa ya kutoa machozi katikati ya halaiki. Watu wakakimbilia mlangoni kwa pamoja. Habari za siku zile zilitofautiana katika hesabu, nyingine zikisema 11 na nyingine 13, lakini zote ziliafikiana kwamba waliokufa wengi walikuwa watoto na vijana, na kwamba walikufa kwa kukanyagwa na kukosa pumzi.

Nimelifikiri jambo hili miaka mingi, na kila nikilifikiri hasira yangu huniondoka kwa yule mlinda lango na kuelekea kwingine. Tuseme alikuwa na hirizi. Tuseme alikuwa nazo saba. Hirizi haikumkanyaga mtoto yeyote. Waliowaua wale watoto ni uvumi ulioachwa ukue bila mtu mzima kuukemea, na moshi uliotupwa mahali ambapo watu hawakuwa na pa kukimbilia, na njia ya kutokea iliyokuwa nyembamba kuliko hofu ya watu. Walakini ukiuliza leo sokoni habari za siku ile, utasimuliwa uchawi kwa kirefu, jinsi alivyopita, alichokishika, alichokinuia. Mlango hutajiwi kabisa.

Wala si sisi peke yetu. Tarehe 9 Mei 2001, mjini Accra, watani wawili wa Ghana, Hearts of Oak na Asante Kotoko, walimaliza mchezo wao kwa mashabiki kung’oa viti. Polisi wakarusha hewa ileile ya machozi, watu wakayakimbilia malango wakakuta mengine yamefungwa, na zaidi ya watu 120 wakafa. Tarehe 11 Mei 2014, Kinshasa, katika uwanja wa Tata Raphaël, uleule ambamo Muhammad Ali alimwangusha George Foreman mwaka 1974, AS Vita Club na TP Mazembe walicheza mechi iliyoishia kwa mawe, moshi na maiti zaidi ya kumi. Katika visa vyote hivi simkumbuki mchambuzi aliyekuwa ameandika kabla ya siku hiyo neno lolote kuhusu malango ya uwanja. Waliandika, kama nilivyoandika mimi hapo juu, juu ya mawinga.

* * *

Kijana mmoja wa kwetu, ambaye safari ndefu ya ukimbizi ilimfikisha Melbourne, hunitumia mara kwa mara ujumbe wa sauti, na safari hii amenieleza mchezo wa wenyeji wa huko ambao wao nao huuita mpira, ingawa kwa hakika ni mpira na mieleka vikichanganywa. Mpira wenyewe una umbo la yai, kiwanja nacho kadhalika. Kila timu ina watu 18. Penye lango husimama milingoti minne, na anayepitisha mpira kwa mguu baina ya ile miwili ya kati hupewa pointi sita, ilhali anayekosa kidogo, mpira wake ukapita pembeni ya hiyo, hupewa pointi moja ya kumliwaza. Nimempigia hesabu mshambuliaji wetu wa upande wa soko: kwa sheria hiyo angekuwa bingwa wa Kivu ya Kaskazini.

Huko nako wana mahasimu wao, Collingwood na Carlton, na fainali yao ya mwaka 1970 ilihudhuriwa na watazamaji 121,696. Collingwood walikwenda mapumziko wakiongoza kwa pointi 44, na Carlton wakarudi wakashinda kwa 10. Kijana alitaka nistaajabie ule ushindi. Mimi nilichokistaajabia ni kwamba halaiki ile, karibu sawa na mji mzima, nusu yake ikiwa imevunjika moyo, ilitoka uwanjani ikaenda zake nyumbani.

* * *

Kuna watu wasioamini kwamba mechi ya watani yaweza kutabirika, na ushahidi wao wa karibu wanautoa Dar es Salaam. Yanga na Simba walipangiwa kukutana tarehe 8 Machi 2025. Magazeti yalikuwa yamekwisha kuwapanga wachezaji, wazee wa vibaraza wamekwisha kugawa mabao, na hapa kwetu, ambako Yanga wamepata wapenzi tangu Mkongo mwenzetu Fiston Mayele alipokwenda kuwafungia mwaka 2021 na Mkongo mwingine, Maxi Nzengeli, akawatia Simba mabao mawili siku ya 5–1 mnamo Novemba 2023, watu walikuwa wamekwisha kuwekeana dau. Usiku wa kuamkia mchezo Simba wakazuiwa kuingia uwanjani kufanya mazoezi, wakatangaza hawachezi, bodi ya ligi ikaahirisha, na Yanga wakaja uwanjani hivyohivyo. Mchezo wenyewe ulipigwa tarehe 25 Juni, na Yanga wakashinda 2–0. Katika utabiri wote niliousikia mwezi Machi, hakuna hata mmoja uliosema kwamba kwanza tungoje zaidi ya miezi mitatu.

Lubumbashi ni hadithi nyingine, na ningependa kuikalia siku moja kwa nafasi: Mazembe na Lupopo, wote wawili wa mwaka 1939, mmoja aliyeanzishwa na mapadri wa Kibenedikto, mwingine akibeba jina la Mtakatifu Eligio na mapenzi ya watu wa reli. Hapa Kalunguta, mbali nao kuliko tulivyo mbali na Kampala, wapo watoto waliopewa jina la Kidiaba kwa sababu ya mlinda lango yule aliyekuwa akirukaruka kwa makalio kila Mazembe walipofunga, hata kule Abu Dhabi mwaka 2010 walipofika fainali ya klabu za dunia.

* * *

Narudi kiwanjani petu, maana nimekwenda tena kukitazama, safari hii bila kuyakanyaga majivu. Upande mmoja kuna ua wa shule, miche iliyoshonana mpaka kuku hapenyi. Upande wa pili ni korongo. Nyuma ya lango la chini ni mashamba ya mihogo yenye mwenyewe mkali. Na njia ya kutokea ni moja, kichochoro kinachopita baina ya ua na kibanda cha kuuzia vocha, kikamwaga watu moja kwa moja katika barabara kuu, ambamo malori ya kwenda Beni hushuka kwa kasi kwa kuwa dereva anataka kufika kabla ya giza, na kila mtu hapa anajua sababu yake.

Nimewaendea wazee wa kamati, nikawaomba mambo matatu: ukatwe ua wa shule mahali pawili, upana wa watu wanne, vijana wenye fulana za rangi moja wasimame barabarani na kamba wakati wa kutoka, na mwamuzi atoke kijiji cha tatu. La mwamuzi wamelikubali papo hapo. La barabara wamesema watalitazama. La ua limezua mjadala mrefu, kwa kuwa ua huo ulipandwa na wazazi kwa mikono yao na mwalimu mkuu anaupenda kama shamba.

“Mzee,” mmoja wao aliniambia kwa upole, “watu wa hapa hawawezi kupangwa. Mpira ukiisha, ni kila mtu na mguu wake.”

Hapo nilimkatalia. Ugonjwa wa Ebola ulipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, na mpaka ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, ukiwa umewachukua watu zaidi ya 2,200 katika jimbo letu na Ituri, barabara hiihii ilikuwa na vizuizi ambapo kila abiria alishuka, akanawa kwa maji ya klorini, akapimwa joto kwenye paji la uso, akapita mmoja mmoja. Tulinung’unika, tena wengine walifanya zaidi ya kunung’unika, lakini tulipita mmoja mmoja. Ndoo moja yenye bomba ingali imetundikwa pale pale penye kichochoro, na wachezaji hunywa maji yake, jambo ambalo wauguzi wa zamani wakiliona huziba macho. Watu waliojifunza kupita kizuizini kwa ajili ya ugonjwa wasioweza kuuona hawashindwi kutoka kiwanjani kwa utaratibu kwa ajili ya lori wanaloliona.

Mzee wa kamati hakunijibu, ila jana jioni nimesikia panga upande wa shule. Mwalimu mkuu amekubali tundu moja. La pili amesema litangoja mkutano wa wazazi.

Basi na utabiri wangu huu hapa, kwa wale waliokwisha kuruka kurasa wakautafute: soko 2, mlimani 1, iwapo soko watapewa kuteremka kwanza na mvua isije kabla ya saa kumi. Mvua ikiwahi, basi ni sare ya bila kufungana, na mbuzi itabidi waamue wenyewe wamgawe vipi.