Anayemlea Bingwa ni Nani?

Mwezi wa Julai 2022 Wakenya walipata habari ambayo hawakuwa wamezowea kuisikia. Angella Okutoyi, msichana wa miaka kumi na minane aliyelelewa na bibi yake mtaani Loresho, Nairobi, alitwaa taji la wasichana la wawili-wawili katika mashindano ya tenisi ya Wimbledon, Uingereza. Mwenzake alikuwa Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Wasichana hawa walishindwa seti ya kwanza, wakaipata ya pili, na ya tatu wakaichukua kwa jasho jingi mbele ya wasichana wawili wa Kanada. Magazeti yalijaa picha, wakubwa wakatuma pongezi, na kila mmoja akataka kujua habari za bibi yule aliyemlea mjukuu wake kwa taabu.

Mimi nilikuwa na swali jingine ambalo sikuliona likiulizwa sana. Mwalimu aliyemshikisha mtoto huyu raketi ni nani, na baada ya ushindi, mwalimu huyo amebakia wapi?

Nayaandika haya nikiwa Kamere, kijiji kilichoko kusini ya Ziwa Naivasha, ambako nimekuja kumzuru jamaa yangu. Wakaazi wengi wa hapa, waliotoka pembe zote za Kenya, huishi kwa kazi ya mashamba ya maua. Watoto wacheza mpira wa miguu vumbini. Uwanja wa tenisi sikuuona. Lakini maua ya huku yana mfano mzuri wa mambo ninayotaka kuyaeleza. Waridi hukatwa na mikono ya akina mama wa hapa, hupakiwa ndege Nairobi, na baada ya muda mfupi huwa liko sokoni Aalsmeer, huko Uholanzi. Anayelinunua aijua rangi yake na bei yake. Aliyeliotesha hamjui, wala hana haja ya kumjua. Ndivyo tulivyoufanya mchezo wa tenisi katika nchi zetu: twaotesha, wengine wachanua.

Ndugu msomaji, yafaa kwanza tuielewe kazi yenyewe. Katika mpira wa miguu, mwalimu huajiriwa na klabu, naye ndiye mwenye amri ya nani acheze na nani akae benchi. Katika tenisi ya kulipwa mambo ni kinyume. Mchezaji ndiye tajiri, na mwalimu ndiye mfanyakazi. Mchezaji humlipa mshahara, humlipia tiketi ya ndege na chumba cha kulala, na aghalabu humkatia fungu la zawadi anazoshinda, ambalo mara nyingi huwa karibu na asilimia kumi. Msimu huanza Januari huko Australia, ukapita Ulaya na Amerika, na hauishi mpaka Novemba. Mwalimu husafiri mwaka mzima, mbali na watu wake. Humtazama mpinzani wa kesho, akasoma udhaifu wake, akapanga mazoezi na mapumziko, na zaidi ya yote akautuliza moyo wa mtu aliyeshindwa mbele ya maelfu.

Na kazi yenyewe haina dhamana. Sascha Bajin, Mjerumani, kwa miaka mingi alikuwa kijana wa kupigiana mipira ya mazoezi na Serena Williams. Baadaye akawa mwalimu wa Naomi Osaka wa Japani. Mwaka 2018 Osaka alishinda mashindano makubwa ya Marekani, na Bajin akatajwa kuwa mwalimu bora wa mwaka katika tenisi ya wanawake. Januari 2019 Osaka akashinda ya Australia pia. Mwezi uliofuata, Februari, wakaachana. Ikiwa mataji mawili makubwa hayakutosha kumhifadhi mwalimu kazini, basi ni wazi kwamba kazi hii ni kama kupanga nyumba isiyokuwa na mkataba.

Hata sauti yake mwalimu aliwekewa mpaka. Kwa miaka na miaka sheria ilimkataza kumwelekeza mchezaji mchezo ukiendelea katika mashindano makubwa. Katika fainali hiyo ya 2018 baina ya Serena na Osaka, mwamuzi Carlos Ramos alimpa Serena onyo kwa sababu mwalimu wake, Patrick Mouratoglou, alionekana akimfanyia ishara kutoka kitini. Serena alikana vikali, lakini mwalimu mwenyewe alikiri baadaye kwamba ishara alizifanya, akasema kwamba kila mwalimu hufanya hivyo. Mwaka 2022 ruhusa ilianza kutolewa kwa majaribio, na tangu tarehe 1 Januari 2025 shirikisho la tenisi la dunia limemruhusu mwalimu kusema na mchezaji wake kutoka kitini. Hili si jambo dogo. Maana yake ni kwamba mwalimu sasa yumo ndani ya mchezo, na mchezaji asiye na mwalimu kitini huingia uwanjani akiwa pungufu.

Hapo ndipo linapotugusa sisi. Mchezaji wetu akisimama Melbourne au Paris, kitini pake atakaa nani?

Tenisi iliingia Kenya pamoja na walowezi. Klabu zao, Nairobi, Nakuru na hata Mombasa, zilikuwa na viwanja vizuri, lakini Mwafrika alikuwa akiingia humo kwa kazi ya kufagia, kupika na kuokota mipira. Wengi katika walimu wetu wa tenisi walianzia hapo hapo. Mtoto aliokota mipira ya wakubwa, akaazima raketi kuukuu jioni uwanja ukiwa mtupu, akajua kucheza, kisha akawa anawafunza watoto wa wanachama kwa malipo ya saa. Ni watu wenye ujuzi mwingi. Lakini ngazi yao ina vidato viwili tu. Juu ya kumfunza mtoto wa mwanachama hakuna pa kukanyaga.

Mwanafunzi wa mwalimu huyo akitokea kuwa hodari, hawezi kupata nafasi katika orodha ya dunia bila ya kucheza mashindano nchi za nje, wiki baada ya wiki. Tiketi moja ni shida kuipata, sembuse mbili. Basi mtoto husafiri na mwalimu hubaki. Paul Wekesa, ambaye mwaka 1995 alipanda mpaka nafasi ya 100 duniani katika mchezo wa mmoja-mmoja, alipitia chuo kikuu huko Chattanooga, Marekani. Okutoyi naye, ambaye miongoni mwa walimu waliomlea hapa nyumbani ni Francis Rogoi, alikwenda Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama, mwaka 2023. Simlaumu hata kidogo. Amepata elimu, na Machi 2024 aliiletea nchi dhahabu ya tenisi ya wanawake katika Michezo ya Afrika mjini Accra. Ninalosema ni kwamba kila anapoondoka mtoto namna hii, mwalimu wetu hukosa ile miaka ambayo ndiyo ingemfanya yeye pia awe wa kimataifa. Mchezaji ajaye humkuta palepale alipoachwa na yule wa kwanza.

Pengine mtasema kwamba mwalimu wa kwetu hawezi kumfikisha mtu kileleni. Jibu liko katika Bonde hili hili la Ufa, juu kidogo upande wa kaskazini. Mwaka 1976 Colm O'Connell, mtawa kutoka Ireland, alifika Iten kufundisha shule ya St. Patrick's. Hakuwa mkimbiaji wala hakusomea ualimu wa mbio. Alijifunza kazi hiyo hapo hapo kwa kuwatazama vijana wakikimbia. Katika mikono yake walipita Peter Rono, aliyeshinda mita 1500 mjini Seoul mwaka 1988, na David Rudisha, aliyevunja rekodi ya mita 800 mjini London mwaka 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91. Patrick Sang, Mkenya aliyepata fedha Barcelona mwaka 1992 katika mbio za kuruka viunzi na maji, alimpokea Eliud Kipchoge akiwa kijana asiyejulikana, akampa mazoezi ya kuandikwa. Mwaka 2003 kijana huyo alikuwa bingwa wa dunia, na baadaye akashinda marathoni ya Olimpiki mara mbili, mwaka 2016 na mwaka 2021. Mwalimu ni yule yule na mahali ni pale pale. Mabingwa wa dunia wamkuta Kaptagat. Yeye hakulazimika kuhama ili awapate.

Tofauti basi haiko katika akili wala katika damu. Iko katika hesabu. Mwalimu wa mbio huweza kuwa na vijana ishirini katika njia moja ya udongo, na mmoja wao akishinda, wote wajua njia ilipo. Mkimbiaji wa marathoni huhitaji safari mbili au tatu kwa mwaka. Mwalimu wa tenisi hushughulika na mtu mmoja kwa wakati mmoja, uwanja ni wa kukodi, mipira huchakaa upesi, na safari hazihesabiki. Mbio zaweza kujengwa na umaskini wenye nidhamu. Tenisi bila ya mfuko haijengeki.

Lakini hata hili la mfuko wenzetu wamelipatia dawa, nao ni Waafrika na Waislamu kama sisi. Ons Jabeur wa Tunisia alizaliwa mwaka 1994. Alianza akiwa mtoto wa miaka minne, mikononi mwa mwalimu wa kwao, Nabil Mlika. Klabu yao ya Hammam Sousse haikuwa na viwanja vyake, ikawalazimu kufanya mazoezi katika viwanja vya mahoteli ya jirani. Baadaye serikali ilimpokea katika shule ya michezo mjini Tunis, na mwaka 2011 akashinda taji la wasichana la Ufaransa. Alipokuwa mkubwa alifanya kazi na walimu wa nje, lakini mwaka 2020 akamchukua Mtunisia mwenzake, Issam Jellali. Wakati huo mumewe, Karim Kamoun, ndiye aliyekuwa mwalimu wake wa viungo. Akiwa na watu hawa wa kwao kitini, mwaka 2022 alifika fainali ya Wimbledon na ya Marekani, akapanda nafasi ya pili duniani, na mwaka 2023 akaingia fainali ya Wimbledon tena. Fainali zote tatu alishindwa. Hata hivyo, hapakuwa na mwanamke wa Kiafrika wala wa Kiarabu aliyefika huko kabla yake tangu mchezo huu ufunguliwe kwa wachezaji wa kulipwa mwaka 1968.

Nalitazama jambo hili kwa jicho jingine pia. Sisi watu wa pwani, mzazi akiambiwa kwamba binti yake ana kipaji, swali lake la kwanza si la fedha. Atauliza, mwanangu atasafiri na nani? Ni swali la haki, na halijibiwi kwa kumwita mzazi mshamba. Mwalimu ni mtu aliyekabidhiwa amana. Huko Oman, Fatma Al-Nabhani, ambaye jina la ukoo wake watu wa Pate hawahitaji kuelezwa, alifunzwa na mama yake mzazi, akaifikisha bendera ya nchi yake katika mashindano mengi ya nje. Jabeur alisafiri na mumewe. Hii yaonyesha kwamba njia za kuihifadhi heshima ya mtoto zipo, na njia iliyo bora ni kuwafunza walimu wanawake wa kwetu, watakaoaminika na mzazi na watakaoujua mchezo sawasawa.

Je, tufanyeje? Mahoteli kadhaa ya pwani yetu, kutoka Diani mpaka Malindi, yana viwanja vya tenisi ambavyo msimu wa wageni ukipita hukaa vitupu. Hammam Sousse imekwisha kutuonyesha kwamba kiwanja cha hoteli chaweza kumtoa mtu wa pili duniani. Kaunti zetu zatumia fedha kwa mashindano ya siku mbili na fulana za kugawa. Fungu katika hizo lingetosha kumpeleka mwalimu mmoja kwenye mafunzo ya shirikisho la dunia, ambayo yana daraja zake zinazojulikana. Na kampuni inayomdhamini mtoto tiketi ya kwenda nje na imdhamini mwalimu wake pia, japo kwa mashindano mawili ya mwaka, ili siku mtoto akipanda, mwalimu awe amepanda naye. Hapo ndipo mwalimu atakapokuwa na la kumfunza wa pili na wa tatu.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Mcheza tenisi wetu hutuzwa, hilo sina shaka nalo. Maua hupewa uwanja wa ndege, na picha hupigwa na wakubwa. Yule aliyesimama juani miaka kumi akimrushia mipira hana wa kumtuza, na mwisho huacha kazi akatafuta riziki nyingine. Siku atakapoacha yeye, usitarajie tena kusikia habari kama ile ya Julai 2022.