Msimlaumu Kangaja

Kuna sentensi inanikera kila nikikutana nayo, iwe kwenye riwaya, kwenye safu ya gazeti au kwenye mjadala wa vitabu: "Binadamu ni kama samaki tu, mkubwa humla mdogo, ndiyo asili." Inaandikwa kama hekima. Mimi naiita uvivu, na ushahidi wangu nautoa kwenye tangi la samaki wa maji chumvi, lile la kioo linalowekwa sebuleni.

Tuanze na kangaja, yule wa buluu mwenye pezi la njano mgongoni. Anaishi kwenye matumbawe ya Bahari ya Hindi, yakiwemo ya pwani yetu. Kwenye shina la mkia ana mwiba mkali kama wembe. Muuzaji atakuambia: huyu mkorofi, usimweke na mwenzake. Na kweli, ukiwaweka wawili kwenye tangi la lita 200, mara nyingi mmoja atachanwachanwa mpaka afe. Lakini siyo kwamba analiwa. Kangaja anakula mwani! Anachopigania ni malisho.

Sasa piga hesabu. Lita 200 ni sanduku la urefu wa mita 1, upana wa nusu mita na kina cha sentimita 40. Baharini, kangaja aliyeshindwa anapiga mkia, anaondoka, yamekwisha. Kwenye tangi aende wapi? Anafika kwenye kioo, anageuka, na mwenye eneo bado anamwona. Kwa mwenye eneo, huyo ni mvamizi asiyetaka kuondoka.

Wafugaji wazoefu wanalijua hili. Samaki mkali wanamwingiza mwisho. Mgeni akija, wanahamisha mawe ya ndani, ili mwenyeji naye ajikute hana "kwake", aanze upya kutafuta maficho. Mara nyingi fujo hupungua. Samaki ni yuleyule, kilichobadilika ni ramani. Kama ukorofi uko kwenye damu tu, kuhamisha mawe kunasaidia nini?

Wapenzi wa vitabu, hapa ndipo tunapohusika. Mwaka 1963 Konrad Lorenz alichapisha kitabu ambacho kwa Kiingereza kiliitwa On Aggression. Anaanza na samaki wa matumbawe, baharini na tangini, halafu anafika hadi kwa binadamu na vita vyake. Kinasomeka vizuri sana, na ndiyo hatari yake. Lorenz mwenyewe alieleza kwamba baharini aliyeshindwa hukimbia, na kwamba mauaji ya tangini yanatokana na kukosa pa kukimbilia. Wasomaji wengi wakaliruka hilo, wakabeba lile jepesi: ugomvi ni asili. Mwaka 1968 Ashley Montagu alihariri kitabu kizima cha kumjibu. Mwaka 1986 wanasayansi waliokutana Seville, Hispania, wakaandika tamko, ambalo UNESCO ililipitisha mwaka 1989, kwamba si sahihi kisayansi kudai tumerithi vita kutoka kwa wanyama. Sisi huku bado tunaandika kana kwamba hakuna aliyesema neno.

Mtu ataniambia: mbona samaki wengine ni wapole kwa kuzaliwa? Sikatai kwamba tabia hutofautiana, hata ndani ya aina moja yupo mwoga na yupo jasiri. Lakini huo upole nao tuuchunguze. Chukua samaki wa anemoni, yule wa filamu ya Finding Nemo ya mwaka 2003. Jike ndiye mkubwa na ndiye mtawala, akifa dume lake hugeuka jike. Mwaka huohuo wa 2003 Peter Buston alichapisha utafiti kuhusu samaki hawa huko Papua New Guinea: walio chini hubana ukuaji wao wasimfikie aliye juu yao, maana akiwaona tishio atawafukuza, na nje ya anemoni maadui wanawasubiri. Huyo tunayemwita mpole ni mpangaji aliyekubali kubaki mdogo kwa sababu hana pengine pa kulala.

Ndiyo maana nakasirika ninaposoma hadithi ya wapangaji wanaotoana ngeu bombani, halafu msimulizi anahitimisha eti ndivyo watu wa uswahilini walivyo. Kazi yangu imenipeleka kwenye ugomvi kama huo zaidi ya mara moja. Pale pana vyumba kumi, bomba moja, na maji ya saa mbili kwa siku. Kuna mtu alijenga hivyo na anakusanya kodi kila mwezi, lakini kwenye hadithi haonekani kabisa. Tunaambiwa nani alimrushia nani ndoo, basi.

Mwandishi anayeiita fujo "asili" amemsaidia huyo mtu kujificha. Na sisi wahakiki tunaosifu "uhalisia" wake tumemsaidia mara ya pili. Mkinitumia tena mswada wenye samaki mkubwa anayemla mdogo, nitauliza maswali mawili kabla ya kuendelea: tangi ni la lita ngapi, na mwenye tangi ni nani?