Askari Mlevi Hatibiwi kwa Laana

Wapo katika jamii wanaogeuza nyuso anapopita askari mstaafu aliyelewa, wakasema kuwa huyo ameiuza akhera yake. Kwamba ulevi ni haramu, hilo halina mjadala, wala hatukukusudia kuufungua. Tunachouliza ni hiki: mtu aliyestahimili njaa, mvua na risasi, imekuwaje akashindwa na chupa?

Tuzingatie yaliyowafika askari wa Marekani waliopigana Vietnam. Mwaka 1971 serikali ya Rais Richard Nixon, iliposhtushwa na habari za heroini kuenea jeshini, iliamuru askari wapimwe mkojo kabla ya kurejeshwa kwao. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia waliorejea mwaka huo, akakuta kuwa takriban mmoja katika kila watano alikuwa mraibu alipokuwa vitani. Wengi walitarajia balaa. Lakini katika mwaka wa kwanza wa kurejea kwao, takriban watano tu katika kila 100 ya waraibu hao walirudia uraibu. Kule dawa ilikuwa tele na hofu haikatiki. Nyumbani dawa ilikuwa adimu, na jamaa walikuwapo.

Hata hivyo, waliyoyaona vitani yaliwafuata. Uchunguzi uliofanywa kwa agizo la Bunge la nchi hiyo katika miaka ya 1980 ulidhihirisha kuwa takriban wanaume 15 katika kila 100 waliotumikia Vietnam walikuwa bado na maradhi ya nafsi yatokanayo na vitisho vya vita: jinamizi, kushtuka kwa kishindo kidogo, hasira za ghafla na kujitenga na watu. Mwenye maradhi haya mara nyingi hunywa ili apate usingizi. Pombe humpa usingizi wa saa chache, kisha huuvuruga, naye huzidisha kunywa.

Hapa pana mafunzo mawili. Kwanza, mraibu anaweza kuacha, na walio pembeni yake wana sehemu kubwa katika hilo. Pili, kumnyang'anya chupa bila kulitibu jeraha la nafsi ni kukata matawi na kuuacha mzizi.

Haya hayawahusu Wamarekani peke yao. Wapo kwetu waliopigana Vita vya Kagera vya 1978-79, na wapo vijana waliorudi kutoka Kongo, ambako shambulio moja la Desemba 2017 liliwaua askari wa Tanzania wasiopungua 14. Baadhi yao husimama nasi katika safu. Wengine huona haya hata kuukaribia msikiti.

Mtume (s.a.w.) aliwakataza masahaba kumlaani mtu aliyekwisha kuadhibiwa kwa ulevi, wasije wakawa wasaidizi wa shetani juu ya ndugu yao. Basi tunawausia maimamu na waumini: mlevi asisimangwe mimbarini. Aliyezoea kunywa sana kila siku asilazimishwe kuacha ghafla akiwa nyumbani, kwani huweza kupatwa na degedege akafa, apelekwe hospitali. Jamaa wasikimbilie kusema kuwa ana majini, wala wasione aibu kumfikisha kwa tabibu wa maradhi ya akili, kwani dua na dawa havigombani. Na jirani ampitie alfajiri wende pamoja kuswali.

Wabillahi tawfiq.