Jumba la bwana mkubwa limegeuka bweni la watoto, mnasemaje wadau?

Kimya kilikuwa kirefu, semista imebana kweli kweli, lakini tuko hai na tunasonga. Leo nataka tuongee kuhusu majumba. Majumba ya kale kule Wales, yale ya vijijini yenye vyumba ishirini na zaidi, ngazi za mbao, mabomba ya moshi juu ya paa na bustani ambayo ukiitembea unachoka. Zamani alikaa humo mtu mmoja na mkewe na jeshi la watumishi. Siku hizi mengi yanakodishwa kwa makundi: ukoo mzima, marafiki waliosoma pamoja, wanakwaya, wanafunzi. Mnachanga, mnapika jikoni kwa pamoja, mnakula meza moja, jioni mnakaa karibu na moto.

Kwa asiyeijua, Wales ni nchi ndogo ya milima magharibi mwa kisiwa cha Uingereza. Ina watu milioni 3 na ushee, na ina lugha yake, Kiwelshi, ambayo haifanani na Kiingereza hata chembe.

Nimefikaje huko? Nilikuwa naandaa mada ya semina ya historia ya elimu. Mwenzangu wa chumbani, ambaye ni mtu wa uhandisi na haamini kama sisi wa ualimu tunasoma kitu, akachungulia picha kwenye skrini yangu akasema: "Yaani hawa jamaa wanalipa hela kwenda kulala kwenye nyumba ya mtu aliyewanyonya babu zao?" Nikacheka, lakini swali lilinikaa. Nimelizungusha kichwani wiki nzima na jibu langu ni ndiyo, na wanafanya vizuri. Ila inategemea wakifika humo ndani wanafanya nini.

Tuanze na jumba lisilolaliwa na mtu. Kaskazini mwa Wales, karibu na mji wa Bangor, kuna Penrhyn Castle. Ni kasri kubwa la kuigiza ngome za zamani, kumbe lilijengwa kuanzia miaka ya 1820. Pesa zilitoka kwenye mashamba ya miwa ya Jamaika, yaliyolimwa na watumwa. Bunge la Uingereza lilipofuta utumwa, aliyelipwa fidia alikuwa mwenye watumwa, na huyu wa Penrhyn alipata pauni elfu 14 na zaidi kwa watu 764. Watumwa wenyewe hawakupata hata senti. Pesa nyingine zilitoka kwenye machimbo ya mawe ya kuezekea nyumba, hapo hapo jirani. Mwezi Novemba 1900 wachimbaji wapatao 2,800 waligoma, na mgomo ukafika hadi 1903. Miaka mitatu! Sisi hapa tukigoma siku tatu tunaanza kuulizana kama kantini imefunguliwa. Majirani waligombana, wengine wakahama moja kwa moja, na madirishani watu walibandika karatasi kusema kwamba humu ndani hakuna msaliti.

Leo kasri hilo liko chini ya National Trust, unakata tiketi na kuzunguka. Kuna kitanda cha jiwe chenye uzito wa kama tani moja, alichoandaliwa Malkia Victoria. Unakitazama, unapiga picha, unatoka. Siwalaumu, na habari za Jamaika na za mgomo siku hizi zinasimuliwa humo. Lakini mgeni anabaki mgeni, nyumba inabaki ya bwana mkubwa.

Sasa nihamie kwenye nyumba iliyonifanya niandike. Inaitwa Glan-llyn, maana yake ni kando ya ziwa. Ipo ukingoni mwa Llyn Tegid, ziwa kubwa kuliko yote ya asili kule Wales, katika eneo la kijiji cha Llanuwchllyn. (Usijaribu kulitamka jina hilo huku unakula.) Ilikuwa nyumba ya kuwindia ya ukoo wa Williams-Wynn. Wakuu wengi wa ukoo huo waliitwa Sir Watkin, na katika karne ya 19 walimiliki zaidi ya ekari 140,000. Yaani bwana mkubwa alikuwa na kasri kwingine, na hii ilikuwa ya kuja kupiga ndege na marafiki zake halafu anaondoka.

Wakulima wa eneo hilo walikuwa wapangaji wake. Mwaka 1859 ulifanyika uchaguzi, na enzi hizo kura ilipigwa hadharani, kila mtu anasikia umemtaja nani. Mwenye ardhi alitarajia wapangaji wamchague mgombea wake. Baadhi walikataa, na baada ya uchaguzi wakafukuzwa kwenye mashamba waliyolima maisha yao yote. Mmoja wao alikuwa mama mzazi wa Michael D. Jones, mchungaji aliyekuja kuwa mstari wa mbele katika kuwapeleka Wawelshi Patagonia, Argentina, mwaka 1865, wakatafute mahali pa kuishi kwa lugha yao bila bwana wa ardhi. Kura ya siri ilikuja 1872.

Shikeni hapo kwanza, niwapeleke shuleni, kijiji kile kile. Mwaka 1858 alizaliwa hapo mtoto wa mkulima, Owen M. Edwards. Alipoanza shule alikuwa anajua Kiwelshi tu. Akifungua mdomo, anavishwa shingoni kipande cha mbao chenye kamba. Kibao hicho kilijulikana kama Welsh Not. Ulikivua kwa kumkamata mwenzako akiongea Kiwelshi, naye anakivaa, na aliyebaki nacho mwisho wa siku anachapwa. Haikuwa sheria ya nchi wala haikuwa kila shule, na wazazi wengine waliunga mkono, wakiamini Kiingereza ndiyo ngazi ya mtoto kupanda. Edwards alikuja kuandika mwenyewe jinsi alivyokuwa anakivaa, maana hakutaka kumchongea mwenzake. Alikua, akafundisha Oxford, na 1907 akawa mkaguzi mkuu wa shule wa Wales.

Nani kati yetu anashangaa? Mimi nimevaa kibao. Shule niliyosoma siitaji, lakini wapo humu watakaocheka wakijua. Chetu kilikuwa cha maboksi, kimeandikwa kwa wino mwekundu, na kosa lilikuwa kusema Kiswahili eneo la shule. Mchezo ulikuwa ule ule wa kuwindana ili umtupie mwenzako. Niliposoma habari za Llanuwchllyn nilifunga kitabu nikatoka nje kupata upepo. Miaka mia na zaidi, bahari na mabara katikati, na mbinu ni moja.

Mtoto wa Edwards, Ifan ab Owen Edwards, naye alikuwa mwalimu. Mwaka 1922 alitangaza katika jarida la watoto alilorithi kwa baba yake kwamba anaanzisha chama cha vijana, Urdd Gobaith Cymru. Hoja yake ndiyo ninayotaka wenzangu wa ualimu muisikie. Aliona kwamba Kiwelshi kimebaki lugha ya kanisani na ya wazee, wakati mpira, hadithi za kusisimua, kambi na kila kitamu cha utoto kimehamia Kiingereza. Mtoto haachi lugha kwa sababu sarufi yake ni ngumu. Anaiacha kwa sababu haina mchezo. Basi akaanzisha michezo, mashindano ya sanaa, na 1928 kambi ya kwanza, mahema tu, hapo hapo Llanuwchllyn. Mwaka 1939 vita ilipoleta watoto wengi waliohamishwa kutoka miji ya Uingereza, alifungua Aberystwyth shule ya msingi ya kwanza inayofundisha kwa Kiwelshi. Ilianza na wanafunzi saba. Saba, wadau, darasa letu la semina lina watu wangapi?

Na mwaka 1950 chama hicho kikaanza kutumia Glan-llyn kama kambi ya vijana. Nyumba ya kuwindia ya Sir Watkin! Kijiji kile kile kilichofukuziwa wakulima, na kilichomvisha baba yake kibao. Tangu hapo majengo mapya yameongezwa, na watoto wanakuja kwa makundi na walimu wao: wanapiga makasia ziwani, wanapanda kuta, wanakula pamoja na kulala vyumba vya wengi, na mambo yanaendeshwa kwa Kiwelshi. Wanaokuja hawatoki wote kwenye familia za Kiwelshi. Wapo ambao nyumbani ni Kiingereza mwanzo mwisho, na lugha wanaijua darasani tu. Pale kwa mara ya kwanza wanaitumia kuomba chumvi, kugombea kitanda cha juu, kumwambia mwenzao amekaa vibaya kwenye mtumbwi.

Ndiyo maana nilimjibu mwenzangu wa chumbani kwamba swali la nani alijenga nyumba lina uzito, na lazima lisimuliwe, tena wazi, pale mlangoni. Mimi nikisoma tangazo la jumba la kukodi ambalo linasifu bafu na bwawa halafu linaruka historia yote kana kwamba nyumba iliota kama uyoga, nakasirika. Lakini kulibomoa kwa hasira hakumrudishii mkulima shamba lake. Karne iliyopita Wales ilipoteza majumba mengi ya aina hii, mengine yalivunjwa, mengine yalioza, na sidhani kama maskini yeyote alishiba kwa sababu hiyo. Mimi nafurahi zaidi nikijua kwamba pale bwana mkubwa alipopangia safari ya kuwinda, sasa kuna mtoto wa miaka kumi anamwaga uji.

Akanirudishia: "Sawa, lakini lugha inafundishwa darasani, hayo mengine ni utalii." Hapo ndipo tulipogombana hadi saa saba usiku.

Nilipokuwa field mwaka jana nilipewa Kidato cha Kwanza, Bailojia. Kulikuwa na binti mmoja, kiti cha nyuma, ambaye kwa wiki tatu hakusema neno. Ukimuuliza anasimama, anatazama meza, anakaa. Daftari lake limejaa maneno ya Kiingereza yaliyonakiliwa ubaoni vizuri sana, na hayana maana yoyote kwake. Jumamosi moja tulikwenda kusafisha bustani ya shule. Nikasikia sauti inawaeleza wenzake kwa nini majani yaliyofunikwa na ndoo yamepauka, jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Usanisinuru wote, hatua kwa hatua, kwa Kiswahili safi. Ni yeye. Jumatatu akarudi kuwa bubu, na mtihani ulipokuja alipata alama ambazo sitaki kuziandika.

Sasa niambie huyo binti alikuwa hajui Bailojia.

Najua tofauti zipo, msinikimbilie. Kiswahili hakiko hatarini kama Kiwelshi. Kwetu ndiyo lugha ya soko, ya bunge, ya mapenzi na ya matusi, na shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili tangu 1967. Shida yetu ni kinyume cha ile ya Ifan. Yeye lugha yake ilikuwa na kitabu na ibada ikakosa mchezo, sisi yetu ina mchezo wote duniani, ila ikifika sekondari inavuliwa viatu mlangoni. Na kambi nayo haifanyi miujiza. Sensa ya 2021 ilikuta wanaosema Kiwelshi ni karibu 538,000, asilimia 17.8, pungufu ya ile ya 2011, pamoja na kwamba serikali yao imeweka lengo la watu milioni moja ifikapo 2050. Kwa hiyo anayesema wiki moja kando ya ziwa inatosha, anajidanganya.

Lakini ile wiki moja inamwonyesha mtoto kitu ambacho darasa haliwezi: kwamba mtu mzima mwenye mamlaka, anayeshika funguo na kupanga ratiba, anaendesha mambo kwa lugha yake na hakuna anayeona aibu. Sisi tunafanya kinyume. Tukienda safari ya masomo tunaongea Kiswahili kwenye basi, tunacheka, tunabishana hoja nzito kabisa, halafu basi likisimama na mhadhiri akashuka, wote tunabadilika na kuanza kutafuta maneno kama watu waliopoteza funguo. Mjadala unakufa. Wanabaki wawili watatu waliosoma shule za gharama wanaongea kwa niaba yetu sote.

Kwa hiyo hoja yangu ni ya karibu tu. Safari ya kozi yetu ya Bagamoyo iko mwezi ujao, siku mbili, tunalala huko. Kamati imeandika kwenye ratiba kwamba majadiliano ya jioni yawe kwa Kiingereza "ili tujizoeze". Napendekeza ya jioni yote mawili yawe kwa Kiswahili, na ripoti ndiyo tuandike kwa Kiingereza kama chuo kinavyotaka. Nimeshamwambia CR, amesema nilete majina kumi kabla ya Ijumaa. Nina sita. Wa saba ni mwenzangu wa chumbani, ila CR kakataa, eti mtu wa uhandisi hahesabiwi.