Wauguzi, Uingereza na Mtihani wa Kiingereza

Mwaka wa 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa kupeleka wauguzi wetu kufanya kazi huko. Kabla mwaka kuisha, Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alitoa habari ya kusikitisha: wauguzi 300 walifanya mtihani wa Kiingereza, wakapita 10 tu. Na hao ni watu waliosomeshwa kwa Kiingereza hadi chuoni!

Vijana wetu wa Pwani wanaoitaka safari hiyo hujifungia na vitabu vya sarufi, wakijaza mapengo. Ndugu zangu, mtihani wa IELTS hauna karatasi ya sarufi. Una kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Sarufi ni robo ya alama katika kuandika na kuzungumza, basi.

Kwa hivyo zoezi ni kuandika. Insha ya maneno 250 kwa dakika 40, kisha mwalimu aisahihishe. Hapo ndipo makosa yetu huonekana. Kiswahili hakina "a" wala "the", nasi huziacha. "Yeye" wetu ni mume na mke, nasi huchanganya "he" na "she".

Ada ya mtihani ni kubwa, na mzazi hukopa ili mwana akaufanye. Vyuo vya uuguzi vya Pwani viwape wanafunzi insha kila wiki kabla hawajahitimu. Kinolewacho hupata.